Sanda yangu ilinunuliwa 2019

Niseme ukweli sikutaka kuandika hiki kitu, maana ukiandika watu wanaanza pole mama pole mama, na mi pole zangu nilishapewa zote mwaka 2019 zikaisha. Ila wiki iliyopita kuna binti kanipigia, namba kapewa na nesi mmoja tunayefahamiana, mama yake kaambiwa ana kansa ya mapafu steji ya nne. Analia mpaka maneno hayasikiki. Ananiuliza, "Mama samahani, hivi ni kweli na wewe unayo hiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, hiyo hiyo, miaka sita sasa, na hapa unavyonisikia nakaanga samaki. Akanyamaza kidogo afu akauliza samaki gani. Changu, nikamwambia. Nadhani huyo changu alimsaidia kuliko maneno yote yaliyofuata, basi ndo nikasema ngoja niandike.

Mi nauza vitenge. Nachukua mzigo Kariakoo nauzungusha Mbagala na kwenye maofisi, wengi wanachukua kwa mkopo kwa hiyo nusu ya maisha yangu ni kudai. Kwetu Tanga, Dar nimekuja kuolewa. Sigara sijawahi kuweka mdomoni hata kwa utani, na nalisema hili mapema maana ndo swali la kwanza la kila mtu, ulikuwa unavuta? Ukisema hapana wanakuangalia kama unaficha. Ni kweli kansa nyingi za mapafu, zaidi ya 8 kati ya 10, zinatokana na tumbaku, sibishi. Lakini na sisi wengine tupo, na kwa wanawake ndo tuko wengi zaidi. Mi nimepika kwa kuni toka nina miaka 8, jiko letu lilikuwa kibanda cha makuti unaingia kwa kuinama, ukitoka macho mekundu kama uliyefiwa, nilivyokuja mjini nikahamia mkaa. Nilimuuliza daktari kama ni ule moshi. Akasema wataalam wa kansa wa WHO moshi wa kuni wameuweka kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha, ila kwa mtu mmoja mmoja hakuna anayeweza kukuambia ni hiki hapa. Nikaacha kutafuta. Na nyie mnaowauliza wagonjwa ulivuta ulivuta, hata huyo aliyevuta kweli, mkishajua mnampa nini?

Kikohozi kilianza mwishoni mwa 2018. Kikavu, cha usiku. Nikanywa dawa zote za duka la dawa, tangawizi, asali, nikajifukiza majani ya mkaratusi, kinapungua wiki kinarudi. Ilivyoingia 2019 nikaanza kupungua mwili, sketi zinazunguka kiunoni zenyewe, na hapa kwetu ukikohoa ukakonda ukatokwa jasho usiku, jina lako tayari. TB. Kituo nilichoenda sitakitaja, walipima makohozi kwa ile mashine ya jinieksperti ikasema hakuna, eksirei ikaonyesha doa, wakasema kuna TB inajificha, anza dozi. Siwalaumu sana maana kweli ipo TB isiyoonekana kwenye makohozi, na TB kwetu ni nyingi kuliko kansa ya mapafu, daktari anaanza na kilicho kingi. Nikaanza vidonge, mkojo rangi ya Fanta, hata machozi yana rangi. Vyombo vyangu nikavitenga mwenyewe. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikohozi kiko pale pale, kilo zinashuka, kila nikirudi naambiwa maliza dozi mama, hii dawa ni miezi sita.

Hapa ndo nataka mtu anisikilize vizuri. TB iliyokutana na dawa yake, ndani ya wiki chache mtu unaona nafuu, homa inashuka, hamu ya kula inarudi. Kama miezi miwili imepita unazidi kwenda chini na makohozi hayakuwahi kuonyesha kitu, usikae unamaliza dozi kwa heshima tu. Uliza. Omba sitiskani, ile picha inayoonyesha ndani ya kifua vizuri kuliko eksirei, omba rufaa, kama ni kubisha bisha. Mi nilikuwa mtiifu, nikamaliza dozi yote, na hongera nikapewa.

Wiki mbili baada ya hongera nikashindwa kupanda ghorofa moja pale Kariakoo. Nina bando la vitenge begani, nikakaa kwenye ngazi watu wananiruka, mpaka kijana mmoja mchukuzi akanipokea mzigo akaniuliza mama umekimbizwa na nani. Hospitali wakakuta maji yamejaa upande wa kushoto. Unakalishwa umeinamia mto, wanachoma sindano mgongoni katikati ya mbavu, na yale maji yanatiririka kwenye chupa unayaona. Lita moja na nusu, mekundu kama juisi ya choya. Nilipumua mpaka nikacheka, nikamgeukia daktari nimshukuru, nikakuta anaiangalia ile chupa, mimi haniangalii.

Sitiskani, wakachukua kinyama, wakapeleka maji maabara, na mwezi wa 8 majibu yakatoka. Adenokasinoma, ndo jina la aina yangu ya kansa, ya pafu la kushoto, iko na kwenye utando wa pafu, iko na kwenye mfupa wa nyonga. Steji ya nne. Nikaanza safari za Ocean Road, hospitali ya kansa hapa Dar. Mliofika mnajua, bahari iko pale mbele ya barabara, upepo mzuri hujawahi kuona, na wewe ndo hewa huna. Lile jengo la zamani ni la Wajerumani, la 1897, na miaka hiyo Robert Koch alikuwa hapa Dar anafanya utafiti, Koch yule yule aliyemgundua mdudu wa TB mwaka 1882. Mzee mmoja mgonjwa mwenzangu ndo alinisimulia tukiwa kwenye foleni, nikamwambia babu yangu, huyo mdudu mi nimemezea dawa miezi sita na wala hatujawahi kuonana.

Sasa kaka yangu alimvuta daktari pembeni, akamuuliza ana muda gani, akidhani sisikii. Daktari akasema bila dawa kwa kawaida inakuwa ni miezi, sio miaka, ila tuanze matibabu tuone. Kaka akabeba neno moja tu, miezi. Habari ikaondoka Dar jioni hiyo ikiwa miezi, ilivyofika Tanga ilikuwa ni wiki, na dada yangu mkubwa akapanda basi la alfajiri na sanduku lake.

Na hiki ndo ninachotaka kuongelea hasa, maana ya dawa madaktari watakuambia, ila hakuna anayekuandaa kwa kuagwa ukiwa hai afu usiondoke.

Maana niliagwa jamani. Watu walikuja makundi makundi, wanakaa kwenye mkeka wananiangalia miguu. Jirani yetu wa nyumba ya tatu akawa anakuja kila Alhamisi kunisomea Yasini, sauti nzuri kwelikweli. Watu waliokuwa wanakwepa simu zangu miaka miwili wakaleta madeni ya vitenge, mmoja akanilipa na mara mbili, anataka nimsamehe kabisa kabisa. Grupu la michango likafunguliwa. Na mchezo wetu wa upatu, tuko kumi na mbili, elfu hamsini kila mwezi, mi nilikuwa namba tisa, kijumbe akakaa na wenzake bila kuniambia wakanisogeza namba moja. Laki sita taslimu kwenye bahasha. Na kila mmoja pale alijua kwamba anayepokea wa kwanza inabidi achangie miezi kumi na moja inayobaki, na kila mmoja alishajiambia hii tumetoa sadaka.

Kemo nikaanza mwezi wa 9, kaboplatini na pemetreksedi, kila baada ya siku 21. Hii pemetreksedi kabla hujaanza wanakupa foliki asidi unameza kila siku na sindano ya B12, usiache, ndo inayokukinga damu isishuke sana. Kichefuchefu kilinikomesha, chai tu ikinukia natapika, ila nywele hazikutoka, zilipungua kidogo tu. Nikaona watu wanakata tamaa. Kweli! Wanakuja wanatupia jicho kwenye mtandio, "mbona nywele unazo?" kama nimewadanganya.

Mfupa wa nyonga uliuma mpaka nikapewa morfini, ile ya maji ya kunywa, chungu. Dada alivyosikia morfini akaanza kulia upya, kwa sababu mtaani inajulikana ukipewa hiyo basi safari imefika. Si kweli. Nilikunywa miezi miwili, nikachomwa mionzi pale kwenye nyonga mara moja tu, maumivu yakaisha, tukaishusha dozi taratibu nikaacha. Sijawa teja. Kilichonisumbua ni choo kukauka, kwa hiyo ukiandikiwa morfini uliza na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, usisubiri, utanikumbuka. Na pumzi ikikubana usilale chali. Kaa, egemea mto mezani, pumua nje kwa midomo kama unapoza chai, afu mtu akuwekee feni usoni. Feni tu ya kawaida. Umeme ukikatika, mwanangu alikuwa ananipepea kwa kipepeo cha jiko la mkaa, na inasaidia.

Kilichogeuza mambo ni kile kipande cha nyama. Daktari alisema wewe mwanamke, hujavuta, na aina yenyewe hii, tupime jeni. Kipande kimegandishwa kwenye nta kama kipande cha mshumaa, kikasafirishwa India, tukasubiri karibu wiki saba. Jeni inaitwa EGFR, na badiliko lake ninalo. Alivyonielezea ni hivi, kwenye seli kuna swichi ya kuiambia ikue, ya kwangu imekwama kwenye washa, haizimi. Na kuna kidonge cha kuizima. Erlotinibu, kimoja kwa siku. Mwaka huo huo wa 2019 WHO walikuwa wameshaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, lakini orodha iko Geneva na famasi iko hapa. Bei ya ile ya kampuni yenyewe kaka aliposikia alicheka, kicheko cha ajabu. Tukachukua ya India, na hizo za michango na laki sita za upatu ndo zilinunua makopo ya mwanzo, Februari 2020.

Ile dawa inamezwa tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au mawili baada ya kula, na hapa nusura nijiharibie mwenyewe. Mi nina asidi za siku nyingi, omeprazo nameza kama pipi, kama Watanzania wengi tu. Hata sikuitaja, kwani omeprazo nayo ni dawa? Miezi miwili baadae daktari akaniambia toa kila unachomeza weka mezani. Akaiona. Tumbo lisipokuwa na asidi, erlotinibu haiingii vizuri mwilini. Yani nilikuwa namwaga hela ya watu chooni. Tajeni kila kitu, hata mlonge, hata maji ya kuombewa kama yamechanganywa na kitu.

Halafu ngozi. Uso mzima chunusi, kifua chunusi, mgongo. Sokoni ikasemwa mkorogo umenikataa. Daktari kumbe anafurahi, anasema mara nyingi huo upele ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kucha zikavimba pembeni, kushika kitenge kipya chenye wanga ni kama kushika moto. Ila kope! Kope zilirefuka zikajikunja, binti mmoja saluni akaniuliza nabandika wapi. Hiyo ni dawa, mwanangu, nikamwambia, na kwa bei hiyo bora ubandike.

Corona ikaingia hapo hapo. Jaribu kukohoa kwenye daladala ya Mbagala Aprili 2020 uone. Nilipata siti mbili peke yangu. Hilo tumecheka, ila India walifunga nchi na dawa ikakwama, nikabaki na vidonge tisa, nikawa navihesabu usiku navirudisha kwenye kopo, kama kuhesabu ndo kutaviongeza. Vilipobaki viwili mzigo ukafika kwa mkono wa mtu.

Mwezi wa 6 sitiskani ikaonyesha uvimbe umesinyaa zaidi ya nusu, na maji hayajarudi. Nikaanza kunenepa. Na hapo ndo aibu ikaanza, sijui niiite aibu au nini. Nilienda kwenye harusi nimevaa vizuri, nina sahani ya pilau, nikakutana macho na mama mmoja aliyechanga laki moja. Alitabasamu, lakini niliona hesabu inapita usoni kwake. Sio mbaya yule mama. Ni kwamba alishanililia, alishamaliza, na mimi hapa naomba kachumbari. Wengine walianza kusema haikuwa kansa yenyewe, wengine nimetumia za watu kujengea. Nilikuwa nataka kutembea na faili la hospitali mkobani. Siku hizi nikiulizwa "umepona?" nasema hapana, iko, imelala. Hawalipendi hilo jibu. Wao wanataka nimepona au nakufa, moja.

Kwenye upatu nilienda Jumamosi moja na laki tano na nusu, zile za miezi kumi na moja. Kijumbe akakataa. Nikaweka mezani, akanirudishia, nikaweka tena, wenzake wanaangalia chini. Mwisho nikasema jamani, mkikataa hii hela mnaniambia mi marehemu. Akaihesabu taratibu noti moja moja, akaandika kwenye daftari jina langu, akapiga tiki kumi na moja. Nikarudi nyumbani nalia barabara nzima na sijui kwa nini hasa. Duru iliyofuata wakanipa namba sita.

Sanda niliikuta Ramadhani ya 2021. Natafuta shuka kwenye sanduku la dada alilokuwa ameliacha kwangu, chini kabisa kuna mfuko wa karatasi, ndani kitambaa cheupe kimekunjwa, na udi, na kichupa cha marashi. Nikajua papo hapo. Na sikilizeni kazi ilivyo mbaya, kitu cha kwanza mkono wangu ulichofanya ni kukishika kati ya dole gumba na cha shahada nikasugua, kama navyoshika mzigo Kariakoo. Bafta, tena ile nyepesi kabisa, ukinyoosha juu unaona dirisha. Nikamwita, "Dada, ndo ukaninunulia hii? Mimi muuza vitambaa?" Alisimama mlangoni mkono mdomoni. Afu akasema, "Nilikuwa na haraka mdogo wangu, duka lilikuwa linafungwa." Tulicheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumwambia. Tukairudisha sandukuni. Itupwe wapi sasa?

Erlotinibu ilinishika karibu miaka mitatu, wengi inawashika mwaka tu, hapo nimebahatika. Mwisho wa 2022 sitiskani ikaonyesha uvimbe umeanza kuamka. Kansa inajifunza njia. Safari hii hawakukata nyama, walichukua damu tu, wakatafuta badiliko lingine ambalo jina lake ni kama pleti namba ya daladala, T790M. Lipo kwa karibu nusu ya tunaotumia hizi dawa zikigoma, na lina kidonge chake, osimertinibu, miligramu 80 kwa siku. Tumepata ya kopi kutoka Bangladesh. Hii hata chunusi haina sana, kope zangu zikarudi za kawaida, binti wa saluni kasikitika. Nacho kitagoma siku moja, naambiwa wazi. Kila miezi mitatu napigwa picha, na wiki ile mume wangu anakuwa mpole ghafla, anaosha vyombo, kwa hiyo hata kama nimesahau tarehe nakumbuka kwa vyombo.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia Ijumaa, jirani wa nyumba ya tatu alianguka bafuni. Yule wa Yasini. Presha, hakufika hospitali. Mtu aliyenisomea mimi miezi minne, hajawahi hata kulazwa. Saa nane usiku wanawake tumejaa uani, watu wanataka azikwe asubuhi, maduka yamefungwa, mtu anauliza sanda tunapata wapi saa hizi. Dada alikuwa amekuja kututembelea. Akaniangalia. Sikusema kitu, nikaenda ndani nikafungua sanduku.

Nilipima mwenyewe, kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, kazi yangu hiyo. Vipande vitano vya mwanamke. Bafta ukishaichana pembeni kidogo kwa mkasi inaenda yenyewe, inatoa mlio mrefu, na uani palikuwa kimya hivyo ule mlio ulisikika mpaka kwa wanaume barabarani. Ilitosha na ikabaki kidogo.

Baada ya arobaini dada ananipigia kutoka Tanga, anazunguka zunguka, watoto hawajambo, mvua zimenyesha, mwisho akatoa, eti anunue nyingine aiweke? Nikamwambia asinunue, nakuja mwenyewe nichague, na sitaki ile nyepesi.